Polepole Siku Nne, Kali Siku Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Polepole. Mpaka darajani na kurudi. Kuku wa mama mchungaji alinipita. Sitanii.
Kipimo changu ni salamu. Nikikutana na mzee nampa shikamoo, ananiuliza habari za nyumbani, za watoto, za shule, za ng'ombe. Nikijibu zote bila kuhema, mwendo ni sahihi. Leo nilijibu mpaka za ng'ombe, na ng'ombe sina.

Jumanne, 4 Juni
Polepole tena. Vijana wa bodaboda: "Mwalimu, tukupakie? Utafika Krismasi!" Nina miaka arobaini na tisa, kiuno cha gunia, na bado maneno ya watoto niliowafundisha kusoma yananiuma. Miguu ilitaka kuwaonyesha. Nikaikatalia.
Mwaka jana nilikimbia kwa hasira kila siku ili nisichekwe. Siku ya mbio za Mugumu, kilomita ya kumi na nne, nikakaa chini. Nikarudishwa kwa pikipiki nimekumbatia mgongo wa mtu nisiyemjua. Mwaka huu namaliza zote ishirini na moja kwa miguu yangu. Nimeshatangaza ofisi ya walimu. Ratiba kanipa binti yangu Ghati, yuko chuo: siku nne polepole, Jumatano na Jumamosi kali, Jumapili kulala.

Jumatano, 5 Juni
Balaa.
Siku kali. Dakika tatu mbio kweli kweli, mbili kutembea, mara sita. Alfajiri, mwanga haujakaa sawa. Nikampita jirani yetu Mzee Marwa mlangoni pa zizi lake. Shikamoo ikakwama kooni. Pumzi haikuwepo.
Hapa Busawe, mtu mzima akikimbia alfajiri bila kusalimu, maana yake ni moja: ng'ombe wameibwa. Mzee akapiga yowe. Boma la pili likapokea, la tatu likapokea. Nageuka, wanaume kama thelathini nyuma yangu, pinde na mapanga, mmoja kavaa buti mguu mmoja. Wakanipita! Wakaenda mpaka darajani kutafuta nyayo.
Nimeona aibu mpaka masikioni. Ila niseme ukweli, sijawahi kukimbia vizuri vile.

Alhamisi, 6 Juni
Mwenyekiti wa kijiji kaniita. Hukumu: polepole ruksa, kasi marufuku. Yowe likipigwa bure mara mbili, la tatu watu watabaki wamelala na ng'ombe wataenda kweli. Anasema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi.
Mzee Marwa alikuwepo. Akasema mke wa Chacha kampita kama kisiki. Nikasimama. Kwa salamu naomba radhi, mzee wangu. Kwa mbio, hapana. Chacha, mume wangu mwenyewe, akaangalia viatu vyake kama vimenunuliwa jana.
Jioni nimekimbia polepole nikiwa na hasira. Jaribuni muone.

Jumamosi, 8 Juni
Siku kali, na sikukimbia. Polepole peke yake itanipa pumzi ya kupiga soga, siyo miguu ya kupanda kile kilima cha mwisho. Chacha: "Mama Ghati, si uache tu mwaka huu?" Nimemwambia aache yeye. Hakuuliza aache nini.

Jumatatu, 10 Juni
Uji wa ulezi, sufuria la sherehe. Aliyeitikia yowe hashukuriwi kwa mdomo mtupu, na mimi sikuwa nimewashukuru. Wakaja wote, mwenyekiti pia. Yule wa buti moja akadai fidia ya kidole gumba. Walipokuwa wameshiba nikamwomba Mzee Marwa mbele yao: kila siku kali asimame zizini awatangazie kwamba ni mimi tu.
Akamaliza kikombe cha tatu kwanza. "Kwa hiyo mimi ndiyo nimekuwa filimbi yako?"
"Ndiyo, mzee."
Akacheka mpaka akakohoa. Mwenyekiti akakubali kwa sharti: yowe moja tena la bure, viatu vyangu navikabidhi ofisini kwake.

Jumatano, 12 Juni
"Hakuna wizi! Ni mwalimu! Laleni!" Mara sita. Kata nzima sasa inajua ratiba yangu. Nilikimbia mpaka nikatema mate yenye ladha ya chuma.

Ijumaa, 21 Juni
Nimeharibu. Siku ya polepole, wanawake wauza nyanya wanatoka gulioni, mmoja akaita "Kinyonga huyo!" Wenzake wakaitikia. Nikafyatuka. Kilomita mbili za ujinga. Kigimbi cha kushoto kimekaza kama kamba ya kufungia ndama.
Siku nane zimebaki. Nimeweza kumgomea mwenyekiti, nikashindwa kuwagomea wauza nyanya. Kesho sikimbii kali. Na Jumatatu nitapita mbele yao polepole kuliko konokono, nikitabasamu.

Jumamosi, 29 Juni
Mugumu. Nilianza wa mwisho. Nyuma yangu gari la wagonjwa tu. Dereva akapiga honi: "Mama, panda bwana, siti ipo!" Sikugeuka. Kigimbi kililalamika mpaka kilomita ya tano, kikachoka kulalamika. Ya kumi nikaanza kuwapita watu, mmoja mmoja, wameinama wameshika magoti. Ya kumi na nne niliipita. Niliitukana kidogo.
Kwenye kilima nikatoa zile Jumatano zote nilizokuwa nimeziweka. Mtu akanisalimia, sikumjibu, na sijutii.
Nimemaliza. Tisa nyuma yangu, na wengine wanne wamo kwenye gari.

Jumapili, 30 Juni
Kanisani wenzangu walipiga magoti, mimi nikabaki kwenye benchi. Nyumbani Chacha kaleta maji ya moto kwenye beseni, akaliweka chini, akakaa karibu. Mahali fulani kuna mtu anapura ulezi.
Maji yameshapoa. Miguu bado iko ndani.