Kabati Lililoachwa Wazi Kidole Kimoja

Jumatatu, 3 Aprili

Kabati la lenzi nimelikuta wazi tena. Wazi kidogo tu — kidole kimoja. Jumamosi nililifunga mwenyewe, nikalisukuma kwa goti mpaka likalia ka! Mlango wa studio una funguo mbili, mmoja wangu, mmoja wa wifi. Mume wangu hana, na hata angekuwa nao asingejua kofia ya lenzi inavuliwa upande gani. Kwa hiyo jibu liko wazi kuliko hilo kabati.

Nikakagua. Bodi mbili, yaani kamera zenyewe bila lenzi, zipo. Lenzi nne, zipo. Lakini ile ya picha za nyuso, tuliyoinunua pamoja baada ya miaka mitatu ya kupiga picha za pasipoti, niliilaza uso chini. Leo imekaa uso juu. Lenzi haijigeuzi!

Wifi namtazama tu.

Jumatano, 5 Aprili

Vipakiti havipo. Vile vyenye punje za kunyonya unyevu, vinavyokaa kabatini pembeni ya lenzi. Nimevikuta wapi? Dirisha la nyuma, vimepangwa kwenye sahani, vinaota jua.

Nikamuuliza wifi kwa sauti ya kawaida kabisa. Akasema vikishiba maji havinyonyi tena, ndiyo maana anavianika. Na kabati analiacha wazi kidogo kila asubuhi ili lenzi zipate hewa. Hakuinua macho, alikuwa anakata picha za mteja.

Zipate hewa! Ni vioo vile, si watoto wachanga. Jibu lilitoka haraka mno, kama alilala nalo.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimemwona kwa macho yangu. Nilikwenda kuchukua fremu, nikapita mtaa wa mafundi, na nani anatoka kwa fundi kamera? Wifi. Begi letu la kamera begani. Na asubuhi aliniaga anakwenda kusuka! Kichwa kilikuwa na nywele zile zile za wiki iliyopita.

Nikajificha nyuma ya gari la maji. Mtu mzima mimi, na meno yangu thelathini na mbili! Fundi akamsindikiza mpaka nje, wakawa wanacheka. Wanacheka nini? Fundi huyo anauza lenzi zilizotumika, kila mtu anajua. Unachukua nzima, unarudisha mbovu inayofanana nayo, mwenye mali hajui mpaka siku ya harusi ya watu.

Nikamweleza mume wangu tukiwa mezani. Akasema, haya, umeanza. Nimeanza nini? Lakini ni dada yake wa tumbo moja, lazima amtetee.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimemaliza kazi. Nimechukua sanduku la bati alilotumia binti yangu shule ya bweni, nikanunua kufuli mpya. Kila lenzi nimeizungushia taulo, nikaitia kwenye mkoba wake wa ngozi, zipu mpaka mwisho. Penye nafasi nimejaza sponji. Nimelisukuma chini ya meza ya chumba cha nyuma, likaegemea ukuta wa bafu, lisionekane. Vipakiti nimevitupa, vinakula nafasi bure. Hata hewa haipiti humo!

Ufunguo nimeuvaa shingoni. Wifi nimemwachia kamera ndogo ya pasipoti. Inamtosha.

Akalitazama kufuli, akauliza kama tumeibiwa. Nikamwambia: bado.

Akaelewa. Uso ukamshuka. Lakini watu siku hizi wanajua kuigiza.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua siku ya tano. Hakuna harusi, hakuna mahafali, sanduku halijafunguliwa. Wifi ameniomba mara ya tatu nilifungue hata kwa robo saa. Nikamjibu hewa ipo nje, aende akapunge. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akacheka mpaka ikabidi picha irudiwe. Wifi hakucheka.

Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli, hakuna mtu anayesoma humu.

Jumanne, 9 Mei

Mvua. Niliweka uzi kwenye bawaba ya sanduku. Uko palepale. Ama amekata tamaa, ama alishamaliza kazi yake kabla sijafunga. Hilo la pili linanikosesha raha.

Jumamosi, 27 Mei

Wifi anaondoka.

Hakugomba. Ningefurahi agombe, ningekuwa na la kumjibu. Alifunga zipu ya begi lake, akasema miaka saba tumekula sahani moja, lakini hawezi kufanya kazi na mtu anayemhesabia hatua. Tugawane vifaa, bodi moja kwa kila mtu, lenzi mbili mbili. Atakuja Jumapili ya wiki ijayo. Anaomba ile ya nyuso, kwa sababu ndiyo aliyojifunzia. Ya pili nichague mimi nimpe.

Bila shaka! Kati ya zote nne, ile ile.

Mume wangu amekula nusu sahani akanyanyuka. Nyumba nzima imeninunia, hadi mlango wa jiko. Na mimi nimeumia, basi. Tulianza tukiwa wawili na shuka jeupe tulilolitundika ukutani. Nani atanishikia taa sasa?

Alhamisi, 1 Juni

NILIJUA!

Nimefungua sanduku kwa ajili ya harusi ya keshokutwa. Ile ya nyuso nimeielekeza dirishani, na ndani ya kioo kuna nyuzi. Nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetambaa kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Lenzi yetu ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Hii si yetu. Imebadilishwa!

Lakini kama aliibadilisha, kwa nini ameomba hiyo hiyo? Nimezunguka chumba mara nne na swali hilo. Nimepata: anataka kuondoka na ushahidi. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi miwili, na vipakiti vyake na sahani yake.

Kadi ya dhamana ninayo, ina namba ya lenzi yetu. Kesho naenda kwa huyo fundi. Nitamwekea namba mbele ya pua.

Ijumaa, 2 Juni

Namba ni ile ile.

Nimeisoma mara tatu. Fundi akanisomea kwa miwani yake ya kukuzia, tarakimu moja moja, kama anamfundisha mtoto. Ni yetu. Haijawahi kubadilishwa.

Akauliza ilikuwa inakaa wapi. Nikamwambia. Akaunusa mkoba wa ngozi, akaurudisha mezani kwa vidole viwili. Akasema ni fangasi. Wanapenda giza, ngozi, taulo, na hewa iliyosimama. Mvua zote hizi, na ukuta wa bafu? Mama, hawa umewafuga mwenyewe. Na hawako juu ya kioo, wako ndani, kitambaa hakiwafikii. Akijaribu kuifungua, ile rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo inaweza kuondoka nao.

Kisha akasema hanielewi, maana mwenzangu alikuja Machi, akauliza namna ya kuhifadhi. Akaelekezwa: asubuhi mlango wazi kidogo, vipakiti vianikwe, lenzi zigeuzwe. Aprili akarudi na begi zima vifaa vikaguliwe, akamwomba fundi asiniambie. Eti “wifi yangu akielekezwa jambo la kamera ananuna wiki nzima.” Wakacheka.

Kumbe kicheko chenyewe ndicho hicho.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nimeona aibu hata kumtazama mume wangu, na sijamwambia.

Jumapili, 4 Juni

Ameshafika. Niko kaunta, naandika humu, yeye anadhani natengeneza orodha ya mgawo.

Harusi ya jana niliipiga kwa lenzi nyingine, kisha zote nikazirudisha sandukuni. Nilipanga nimwambie mara tu akiingia. Maneno niliyapanga njia nzima. Akaingia, akasema, “Wifi, habari za nyumbani,” akauliza goti la mama yangu linaendeleaje — maneno yote yakaingia mitini. Nikavua ufunguo nikampa.

Amefungua sanduku. Amezitoa taulo, amezikunja moja moja. Sasa yuko dirishani, lenzi ya nyuso imeelekea kwenye mwanga.

Anaigeuza polepole.

Anaigeuza tena. Anajua? Labda fundi alishampigia, naye ananipima tu aone kama nitasema — ee Mungu, hata sasa!

Amechukua kitambaa. Anapuliza kioo, anafuta. Kwa mviringo, kutoka katikati kwenda nje, hivyo hivyo nilivyomfundisha.

Ameniita. Anasema nimsamehe. Anasema huenda ni yeye, zile asubuhi alizokuwa akiacha kabati wazi, labda vumbi na manyunyu viliingia. Anasema kama ni hivyo basi lenzi hii abaki nayo yeye, nisipate hasara kwa kosa lake. Anauliza aendelee kufuta kidogo? Inaonekana kama inataka kutoka.

Nimemjibu, “Endelea, wifi.”

Anaendelea.