Nilimwambia Mwalimu Godeliva Alihama

Gihosha, Jumatano, Machi 1996. Mvua imenyesha asubuhi yote, sasa jua linawaka kama halina habari. Nimekaa kibarazani na daftari hili, na sijui nifurahi au nijifiche.

Diploma yangu imerudi.

Niliipoteza wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimeshuka mjini kupiga fotokopi, kwa sababu Ijumaa hii ndiyo mwisho wa kupeleka karatasi za kuomba kazi ya ualimu. Karibu na soko, risasi zikalia. Tukakimbia wote. Nilifika nyumbani na kiatu kimoja, bahasha yenye diploma sina. Shule iliyonipa diploma ile ilichomwa pamoja na vitabu vyake vyote vya majina, hakuna wa kunipa nyingine. Nililia, kisha nikanyamaza. Watu wamepoteza watoto, nani atasikiliza kilio cha karatasi?

Leo mchana geti likagongwa. Nikachungulia. Mwanamke nisiyemjua, kapu la mboga kichwani.

"Amahoro, mama. Ni hapa anakaa mwalimu Godeliva?"

Godeliva ni mimi.

Lakini mwezi uliopita watu walikuja kumuuliza jirani yetu hivyo hivyo, kwa jina, kwa upole. Akatoka. Hajarudi.

"Apana," nikasema. "Alihama."

"Alienda wapi?"

"Mi sijui."

Akashusha kapu, akatoa bahasha yangu chini ya majani ya lengalenga. Akaeleza kwamba fundi mmoja wa nguo kule Buyenzi aliiokota kwenye matope, akaikausha karatasi, akaifunika kitambaa na kuipiga pasi. Nyuma ya bahasha pameandikwa Gihosha, na yeye hupanda huku kuuza mboga, basi fundi akamuomba ailete.

"Leo ni mara ya tatu ninauliza nyumba kwa nyumba," akasema.

Akaifungua anionyeshe kwamba haikuharibika. Picha yangu iko pale juu, pembeni. Akaiangalia. Akaniangalia mimi.

"Utamupa?"

"Nitamupa."

"Umwambie aiweke muzuri. Watoto wanamungojea."

Akajitwika kapu lake, akaenda. Hata maji ya kunywa sikumpa.

Sikumuuliza anatoka mtaa gani. Siku hizi mitaa imegawanyika kwa kabila, na swali hilo si dogo. Labda anatoka upande ule ambao mimi, nikisikia jina lake, nafunga madirisha. Labda na yeye alipanda huku kwetu akiogopa.

Kama alinitambua, mbona hakusema kitu? Na kama hakunitambua, mbona alimwachia mtu asiyemjua kitu alichokihangaikia mara tatu?

Mama yangu, aliyekuwa ndani akisikia yote, anasema, "Alikujua. Alikuhurumia tu."

Hapo ndipo panaponiuma. Ningependa anikasirikie.

Kesho nitashuka Buyenzi kumtafuta yule fundi, nimshukuru, nimuulize jina la yule mama. Nikimpata, neno la kwanza nitamwambia: ni mimi. Hilo nimeliamua.

Na mtu mwingine akija kuniuliza kwa jina, nitafungua? Nataka kuandika ndiyo. Lakini sasa hivi mtoto wa jirani amegonga kuomba chumvi, na mimi na mama tumeangaliana kwanza kabla ya yeyote kunyanyuka.