Tarumbeta Uani Kwetu

Jumatatu, 12 Februari 2024
Nimepata! Shakiru, mwongozaji wa filamu kutoka mjini, amenichagua niigize Aikaeli – mpiga tarumbeta ambaye mumewe kaenda Vita vya Kagera. Watapigia picha hapahapa Mwika, uani kwetu. Ati napiga kwa hisia. Hisia! Elimringi wangu yuko Kongo na jeshi, na tangu mapigano yaanze simu yake haipatikani.

Jumatano, 14 Februari
Leo sehemu ya kuagana. Nimelia kabla sijaambiwa nilie. Shakiru kafurahi, mimi nimekasirika. Machozi yale hayakuwa ya filamu yake.

Alhamisi, 15 Februari
Kesho, kwenye filamu, gari la jeshi linaleta habari ya kifo, Aikaeli anapiga wimbo wa msiba. Nimemweleza Shakiru: huku kwetu tarumbeta ikipiga wimbo ule asubuhi, watu wanajua kuna nyumba imefiwa. Tuigize kimya, sauti iwekwe studio. Hataki – ya studio haina roho. Na mimi, mjinga, nimekubali.

Ijumaa, 16 Februari
Nimepiga. Sijafika ubeti wa pili, majirani hao, wanatokeza migombani! Mama Sifael na maziwa, wanaume na mabenchi ya kanisani. Hakuna aliyeuliza nani kafa. Wote wanajua mume wangu yuko wapi.

Mama mkwe kaja peku, kanishika mabega. Wamekuambia lini, mbona hukuniita? Nikasema ni filamu tu, mama. Kwanza hakunielewa. Alivyonielewa ikawa mbaya zaidi.

"Umemzika mwanangu," akasema, akaondoka.

Na kamera ilikuwa inaendelea! Nimemwambia Shakiru afute.

Jumamosi, 17 Februari
Shakiru kaja na sukari kumwomba mama radhi, kafuta mbele yake. Mama kakubali kukaa, anamenya ndizi, ila hanisemeshi. Mimi niko kibarazani na tarumbeta magotini, naandika ili nisimtazame.

Gari la kijani la jeshi linapanda. Nimemwambia mama asishtuke, ni lile la filamu.

Shakiru kaniangalia. Anasema la filamu liko nyuma ya zizi tangu jana, halina betri.

Limesimama getini. Mlango unafunguliwa. Mama kaweka kisu chini, kachukua tarumbeta magotini mwangu, anaifunika kwa kanga yake –