Nyuma ya Mashine Hakuna Joto

Tarehe 4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na karakana? Mimi ni mzima, ila miguu inalalamika kwa kusimama kutwa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tukifika dakika ya tatu tunagombana, na jambo hili linahitaji zaidi ya tatu.

Nimepandishwa. Sikai tena mapokezi ya kliniki, sasa naendesha mashine ya kugandisha mafuta. Hakuna kisu wala sindano. Mteja analala, namwekea kitambaa cha jeli chini ya kidevu, halafu kikombe cha mashine kinaivuta ile nyama na kuipoza. Mafuta yanakufa kwa baridi, ngozi inabaki, na mwili unayaondoa wenyewe taratibu. Baada ya miezi miwili au mitatu kidevu cha pili kimepungua. Kila mfanyakazi anaruhusiwa kuleta ndugu mmoja bure, na mimi nimekuchagua wewe. Nimekuwekea humu ile picha yako ya harusi ya kaka. Nimechora mshale mahali penyewe.

Mwanao, kitinda mimba

*

Tarehe 11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale mawili. Karakana ina friji sita zinazonisubiri, na ya saba imekufa kabisa, mwenyewe hataki kukubali.

Mshale nimeuona. Miaka ishirini na mbili nimeinama nyuma ya friji za watu mpaka ukavaa hilo koti jeupe, na shukrani yake ni mshale. Marehemu baba yako aliishi na kidevu hiki miaka kumi na tisa, hakuwahi kukichorea kitu. Wewe uliikimbia karakana ukisema baridi na harufu ya gesi vinakuua, leo unagandisha watu. Haya.

Ila umetaja kupoza, na kupoza ni kazi yangu. Baridi haiingizwi popote, mama, joto ndilo linalotolewa. Kwa hiyo nijibu. Kikombe kinafika nyuzi ngapi? Kinakaa dakika ngapi? Katika mafuta yaliyopo, yanapungua mangapi kwa mia? Ngozi inajuaje kwamba si zamu yake kufa? Na hilo joto linalotolewa kidevuni, linapelekwa wapi?

Si kwamba nakuja. Nauliza tu.

Mama yako

*

Tarehe 19 Februari

Mama,

Shikamoo tena, na pole na friji ya saba. Najua ukiuliza tu huwa umeshafunga mzigo.

Kioo cha mashine kinaandika nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Dakika arobaini na tano. Kwa mara moja, tulifundishwa, yanapungua kama ishirini kwa mia. Ngozi inapona kwa sababu mafuta ndiyo yanayowahi kuganda, kama mafuta ya kupikia yanavyoganda asubuhi ya baridi huku maji bado ni maji.

Habari ya joto sikufundishwa. Kwa ajili yako nimepitisha mkono nyuma ya mashine, mteja akadhani nimedondosha hereni. Kuna feni inavuma, lakini hewa yake ni ya kawaida, sawasawa na ya chumbani. Haichomi kama zile friji zako. Na usifikiri haipozi! Nimeshalaza watu wanane, na wote nikiweka tu kitambaa wanaruka. Vitambaa tunavitunza kwenye friji ya soda, ndivyo Madamu, mwenye kliniki, alivyoagiza.

Uje lini?

Mwanao

*

Tarehe 26 Februari

Mwanangu,

Soma hii ukiwa umekaa.

Friji ikipoza mbele, nyuma lazima iwe na joto. Haina pa kulificha. Ukikuta mbele baridi na nyuma hakuna kitu, kuna mmoja anakudanganya. Nani basi anawarusha wateja wako? Kitambaa! Kimetoka kwenye friji ya soda, kina nyuzi nne au tano. Mtu yeyote ukimbandika hicho shingoni ataruka, hata mimi na kidevu changu kinene. Na kioo usikiamini. Kioo kinaonyesha kilichoamriwa, hakionyeshi kilichopo. Mimi kwenye kazi yangu sijawahi kusoma kioo cha friji bila kuweka kipimajoto changu mwenyewe pembeni.

Naweza kuwa nimekosea, mashine yako sijaiona. Kwa hiyo tusibishane, pima. Nimempa dereva wa basi kipimajoto changu chenye waya. Usimpime mtu. Chukua mfuko wa maji ya chumbani, usiwe umetoka kwenye friji, ukandamize kikombe juu yake, ncha ya waya iwe katikati. Soma kila baada ya dakika tano, uandike.

Jambo moja nitalisema mara moja tu. Nimejipima kidevu kwa kile kifaa cha kupimia unene wa mabomba. Milimita ishirini na saba. Ishirini kwa mia yake ni tano na ushei. Nilikuwa nimeanza kuzipenda hizo tano.

Mama yako

*

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Wiki tano. Dereva anaapa alikukabidhi mkononi. Najua umepima. Mtu akipata namba nzuri huandika siku hiyohiyo.

Mama

*

Tarehe 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe.

Chumba kilikuwa nyuzi ishirini na nne. Dakika ya tano, ishirini na tatu. Dakika ya arobaini na tano, ishirini na mbili. Muda wote kioo kinasema kumi na moja chini ya sifuri. Nilirudia siku tatu.

Nikamwambia Madamu. Akacheka. "Kwani kuna aliyelalamika?" Mama, kweli hayupo. Mwalimu wa kwaya alikuja wiki iliyopita kunishukuru, mume wake ameona tofauti. Nikampima tena kidevu. Siku ya kwanza, milimita thelathini na moja. Sasa, thelathini na moja. Lakini ungemwona anavyotembea! Shingo ameinyoosha kama anatafuta mtu ng'ambo ya barabara. Sijui nilimtibu nini.

Madamu anasema fundi ataitwa, kwa sasa niendelee. Tena amesikia kazi yako, anasema uje uichungulie. Tangu siku ya vipimo sijamlaza mtu. Nasingizia bega. Nikiwaambia wote kumi na mmoja niliowalaza, koti nalivua. Unasemaje?

Mwanao

*

Tarehe 15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na bega lako la uongo nalipa pole ya uongo.

Mwambie Madamu asante, mimi nagusa mashine inayopoza nyanya. Inayogusa shingo ya mtu ina mafundi wake walioisomea. Nikikosea friji, nyanya zinaoza. Nikikosea hiyo, anaoza mtu.

Kuhusu wewe. Mpaka siku ulipochomeka ule waya, ulikuwa umedanganywa. Baada ya hapo, ukinyamaza, uongo ni wako. Mimi koti lako silivai, siwezi kukuambia livue. Nakupa hesabu tu: watu kumi na mmoja walilala wakakuamini. Hata mwalimu wa kwaya yumo. Aifurahie shingo yake akijua ni yake.

Mama yako

*

Tarehe 6 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimekonda, ukiniona utasema mimi ndiye niliyegandishwa.

Nimewaambia tisa. Mwenye duka la vioo alinifokea mpaka wateja wake wakatoka nje kusikiliza. Muuguzi mmoja alicheka, akasema alihisi. Mwalimu wa kwaya alijishika shingo, akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nisimwambie mume wake.

Madamu alinifukuza kabla ya chai. Kesho kutwa naenda kuulizia kazi hospitali, idara ya ngozi, hata ya kuosha vyombo.

Wawili wamebaki. Simu hawapokei. Mmoja, fundi cherehani, nilikwenda mpaka kwake. Aliniona dirishani, nikasikia komeo. Wanadhani nimekuja kuwauzia awamu ya pili. Nimechoka, Mama. Nadhani tisa wanatosha.

Mwanao

*

Tarehe 10 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Kula.

Tisa si kumi na mmoja. Kwa hapo ulipofika sikusemi vibaya, kwenye karakana yangu sijawahi kuwa na mtu aliyerudi mwenyewe mlangoni kwa mteja kumwambia, "Kazi yangu haikufaa." Wanarudi wakiitwa, tena na polisi.

Nimefunga karakana siku tatu. Nafika Alhamisi, saa nne asubuhi. Tutaanza na huyo fundi cherehani. Wewe utasimama nyuma yangu, mimi nitabisha hodi. Msichana mwembamba aliyetoka kliniki wanamfungia komeo. Mama mtu mzima mwenye milimita ishirini na saba, ataulizwa kama anataka kiti.

Mama yako