Nassibu Likwata na Umeme wa Mtungini

Ni mwaka mmoja sasa, Babu, tangu tukuzike hapa Kitomanga, na watu bado wanatuuliza: ule umeme mliuweka wapi?

Enzi za ujamaa wewe ulikuwa fundi wa jenereta ya kijiji. Mikono yako haikujua kukaa. Ukitoka kazini unatengeneza redio za majirani, bure, huku unapiga mluzi. Kilichokuuma ni dizeli ikiisha, kina mama wanajifungua kwa kibatari.

Ndipo mtaalamu mmoja mgeni akakwambia, huko ng'ambo wanajaribu kuweka akiba ya umeme kwenye sumaku ya waya uliosokotwa. Ukipozwa kwa baridi kali mno, umeme unazunguka humo humo wala haupungui.

Baridi! Sasa Kitomanga nzima kuna baridi gani kuushinda mtungi wa maji wa Bibi Esha? Ukasokota waya wa shaba, ukautumbukiza humo.

Minong'ono ikaanza. Kuficha mali ya kijiji wakati ule hakukuwa mchezo, kazi ingekutoka. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Maftaha, akaja na kundi zima.

"Nassibu, taa siku hizi zinazimika mapema. Umeme unakwenda wapi?"

"Dizeli imekwisha, balozi."

"Na huo waya mtungini?"

"Naupoza."

"Kwani waya nao unaumwa homa?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka.

"Basi tia mkono, balozi, uutoe," ukamwambia.

Mzee Maftaha akarudi nyuma. Bibi Esha akachoka nao. Akachukua kata, akachota, akanywa yote, akafuta mdomo kwa kanga. "Haya, nimeshaunywa umeme wenu. Nendeni!"

Kazi yako ikapona. Ila Bibi anasema ulikaa kizingitini, huna hata mluzi. Kumbe kuliko wote waliokuja, wewe ndiye uliyetamani umeme ukutwe mle.

Babu, nimesoma kwenye simu, sumaku hizo zipo kweli! Ila baridi yake hata barafu haioni ndani, mtungi ungeweza wapi? Hukuwa mwongo, Babu. Nikamsomea Mzee Maftaha, sasa mkongwe. Akasikiliza, akautupia mtungi jicho.

"Kwa hiyo umeme ulikuwamo?"

Mpaka leo akija kwetu hagusi maji. Anaomba chai.

Unakumbukwa na mkeo Esha, wanao Abdurahmani na Mwanaheri, sisi wajukuu zako, na Mzee Maftaha na wasiwasi wake. Mwenyezi Mungu akurehemu. Daima tutakukumbuka, Babu, kila kata ikigusa maji.