Nusu Saa Ambayo Mtamba Hakuonekana

Mwanza,
Novemba 12

Kaka yangu Luhende,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Shemeji Sabina msalimie sana. Mwambie michembe aliyotuma, vile viazi vitamu vya kukausha, ilifika na nimeila peke yangu, ndiyo maana mkanda wangu umeongezwa tundu. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hunikatiza, na hili nataka ulisikie lote.

Asubuhi za siku hizi ukungu unakaa ziwani mpaka saa tatu. Kutoka dirishani kwetu naona mawe yakitokeza moja moja, kama yanaitwa kwa majina. Natazama hivyo mpaka chai inapoa.

Kazi yangu huwa unasema ni kukaa kivulini na kubonyeza. Hujakosea sana. Natunza daftari la mifugo iliyopotea, lile mnalolitafutia kwenye simu. Limegawanywa kwenye mashine tatu: Buzuruga, Buhongwa na hapo kwenu Sengerema. Karani akimwandika mnyama, habari inahifadhiwa papo hapo, haipotei. Lakini anayetafuta haioni mpaka mashine zifumbue macho upya. Huko kufumbua macho sisi tunakuita kukomiti. Mwenyekiti wa ushirika wetu, Mzee Jumbe, alidhani nasema kamati, akaniuliza wajumbe wake ni nani.

Mwezi wa tisa mashine zilikuwa zinahema, maana zilifumbua macho kila sekunde. Mimi fundi nikaziruhusu zisinzie, zifumbue kila baada ya nusu saa. Zikatulia. Mzee Jumbe akanisifu mbele ya watu, nikatembea wiki nzima kama bwana harusi mwenye kitambi.

Lakini nimekuwa nikiota. Naona ng'ombe wamesimama ziwani, maji magotini, ndani ya ukungu. Wameshafika, wameshaandikwa, ila hakuna anayewaona, na wenye mali wanapita ufukweni wakiita. Mimi ndiye mlinzi wa lango, nami nimelala. Mmoja wa ng'ombe hao ana madoa.

Huyo unamjua. Ni mtamba uliyemnunua Buhongwa, akakata kamba siku ya pili tu. Jirani yako Machibya hakuwa amemwona kwako bado, ndiyo maana alipomkuta kwenye mihogo yake alimpeleka zizi la kata. Mlipokutana kisimani akakueleza kwamba amepeleka mtamba wa madoa na karani amemwandika. Ukatoa simu, ukatafuta mbele ya watu wote, hukuona kitu, ukamwita mwizi. Jioni mtamba alipoonekana zizini, ukasema kapelekwa baada ya mwizi kuumbuka. Shemeji ananiambia tangu siku hiyo Machibya amemchukua maksai wake, wewe umebaki na wako, na plau, isiyovutwa na maksai mmoja, imelala wakati mvua zimeshaanza. Miaka kumi na minane mmelima pamoja.

Kaka, Machibya alisema kweli. Mtamba aliandikwa saa tatu na dakika nne. Wewe ulitafuta saa tatu na robo. Mashine zilifumbua macho saa tatu na nusu.

Na sikuyajua haya leo. Uliponipigia kesho yake ukaniuliza kama mashine inaweza kukosea, nilikuwa nimeshaziona saa hizo. Nikakujibu kwamba mashine haisemi uongo. Ni kweli, haikusema. Niliyesema ni mimi, kwa kuogopa Mzee Jumbe asije akaziondoa sifa alizonipa. Nimenyamaza wiki tano.

Jana nilimweleza Mzee Jumbe yote. Sasa mashine zinafumbua macho kila baada ya sekunde tano. Zinahema kidogo, ziheme tu. Karatasi yenye saa hizo nimeiweka humu. Nyingine kama hiyo, pamoja na barua ya kuomba radhi, nimempelekea Machibya, nayo imevuka kwa kivuko cha jana. Usinilaumu. Nakujua tangu utoto: hii ungeificha chini ya godoro ukitafuta maneno mazuri. Sasa yeye ameshasoma, na kwa kuwa nimemwandikia hivyo, anajua kwamba nawe umesoma. Usitafute maneno. Mfungue maksai wako, mwongoze mpaka uani kwake, usimame hapo.

Jumamosi navuka nije kumwomba radhi kwa mdomo wangu. Nikiwakuta shambani nitashika plau mimi, mpate cha kucheka.

Nisalimie nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo.

Mdogo wako aliyekukosea,
Maige