Kioo Kipya Nacho Hakina Nyekundu

Morogoro Mjini

Kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Huku mvua imegoma, ukungu tu ndio umeilalia Uluguru. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu nitalia.

Nilikuambia ile kompyuta yako ya zamani hapa studio imepoteza nyekundu. Ukasema nisikimbilie kununua kioo, nianze na kadi ya video maana ni rahisi zaidi. Fundi Kondo akaniwekea kadi iliyotumika. Nyekundu haikurudi. Leo jioni akaniletea na kioo cha mtumba, bei nafuu, tena waya wake unaingia kwenye mashine yetu kuukuu bila shida. Akafungua picha ya bibi harusi.

"Dada, ona kitenge kinavyowaka!"

Mimi niliona kahawia. Nikacheka, nikasema kioo kizuri.

Kutoka hapo nikapita sokoni, nikachagua nyanya za kachumbari. Muuzaji akanishangaa: "Dada, mbona unachukua mbichi tupu?"

Kaka, nilikuficha. Tangu Idi nameza dawa za TB. Nesi alinionya kwamba nikiona rangi zinabadilika niwahi kliniki siku hiyohiyo, nisije nikapoteza macho. Nami nahangaika na mafundi! Kesho alfajiri nitakuwa mlangoni kwao, lakini naogopa hata kulala nisije nikaamka gizani. Mama hajui.

Ile kadi nyingine uliyoniahidi usiitume. Njoo wewe, nikuone.

Mdogo wako,
Yasmin